Umlainishe Kwanza

Miguu ya Kitana ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujua kwamba siku imekwisha. Kabla saa ya ukutani haijafika popote, kabla mteja wa mwisho hajageuza shingo mbele ya kioo na kuuliza, "Hapa nyuma mbona kama pamekaa upande?", miguu ilikuwa imeshavimba ndani ya raba, na Kitana alijua zimebaki dakika za kutabasamu tu. Akatabasamu. Akamsindikiza mteja mlangoni, akageuza kibao upande ulioandikwa "Tumefunga", akavua raba, akajitupa kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka, na kupandisha miguu juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Alikuwa msusi tangu ujana wake. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, fundi redio. Ilikuwa na viti viwili, sinki moja la kuoshea nywele lenye bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, mpasuko ukafichwa kwa stika ya ua. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda kuelekea upande mmoja, kama miti inayopigwa na upepo ule ule kila siku. Hata akishika kikombe cha chai alikishika kama anagawa nywele mafungu matatu.

Jina la Kitana hakuzaliwa nalo. Alipewa siku ya harusi yake na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye hakuwahi kujifunza kunong'ona. "Mdogo wangu," wifi alisema katikati ya ukumbi, "katumwa kutafuta mke, karudi na kitana." Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi harusi naye akacheka, maana alikuwa amepakwa poda na hakutaka ichirizwe na machozi. Jina likamganda. Miaka ikapita, akafungua saluni, na mchora vibao alipouliza aandike nini mlangoni, akamwambia: "Andika Kwa Kitana. Nimepewa bure, nitalitumia."

Wifi mwenyewe alikuwa opereta wa simu, wa zama zile za kuchomeka nyaya kwenye ubao, na hakusahau hata siku moja kwamba sauti yake iliwahi kuwaunganisha wakubwa. Kazi ya kushika vichwa vya watu aliiona ya chini. Hakuwahi kukalia kiti cha Kitana. Nywele zake alikwenda kusukwa ng'ambo ya mji, kisha akapita mbele ya saluni ya wifi yake zikiwa mpya, zinang'aa, akapunga mkono kwa mbali kama mtu aliye ndani ya gari. Siku za karibuni alikuwa akijifunga kitambaa. Kitana alidhani ni utu uzima. Hakuuliza. Alikwishachoka kuuliza mambo ya upande ule wa familia.

Jumapili hiyo, miguu ikiwa bado juu ya ndoo, mlango ukagongwa.

"Tumefunga!"

"Mimi si mteja," ikajibu sauti ya nje. "Mimi ni wifi yako."

"Ndiyo maana nimefunga."

Mlango ukafunguliwa vivyo hivyo. Wifi akaingia kinyumenyume, akiusukuma kwa mgongo, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia kapu lililofunikwa taulo. Akaliweka sakafuni, akanyoosha kiuno kwa mguno, akavuta taulo. Ndani ya kapu kulikuwa na kitu kama mto wa kulalia ulioota macho.

"Unamjua Shali," alisema wifi.

Kitana alimjua. Ni nani katika familia asiyewajua paka wa wifi? Wenye utaalamu waliwaita kwa jina refu la kigeni, ambalo wifi alilitamka polepole kama anasoma bango la barabarani, lakini nyumbani waliitwa paka wa mashungi, kwa sababu ya vishungi vya manyoya vilivyosimama kwenye ncha za masikio. Walianza na mama mmoja mwenye mimba. Bwana na bibi fulani, wateja wa simu za mbali, walihama nchi wakamwachia opereta paka wao "kwa wiki mbili tu", na hadi leo hawajarudi. Kutoka tumbo lile ndiko walikotoka wote, na Shali alikuwa wa mwisho.

Si paka wa kila mtu. Manyoya yao yana tabaka mbili: la juu refu, laini kama uzi wa hariri, jeupe kwenye shina na jeusi kwenye ncha, hata paka akitembea unaona kama moshi unapita chumbani, la chini fupi, jepesi kama pamba iliyochambuliwa. Shingoni wana ukosi mkubwa, nyuma ya miguu wana suruali, na mkia ni wa kufagilia vumbi juu ya kabati. Hukua taratibu mno. Kitoto chao mwaka wa kwanza hufanana na panya aliyenyeshewa, na koti halikamiliki mpaka mwenye paka amekwishakata tamaa. Hawazai wengi. Tena ukimchukua mmoja, umejichukulia kazi, maana asipochanwa kila siku tabaka la chini hujifunga na kuivuta ngozi. Wengi waliowahi kuwa nao walichoka, wakawaachia wakazaa na paka wa mtaani, na watoto wakatoka na manyoya mafupi na akili za mtaani. Waliobaki wamo mikononi mwa watu wachache wabishi, wanaojuana kwa simu.

Wana tabia moja zaidi. Hawapendi kuruka, na sauti yao ni ndogo, kama bawaba iliyokosa mafuta. Kazi yao kubwa ni kumngoja mtu aketi. Ukisimama, watakaa miguuni pako, watazame juu, wasubiri. Ukiketi tu, wamo.

Shali alitoka kapuni, akaitazama saluni kama mpangaji anayekagua chumba, akaja kumpanda Kitana mapajani.

"Jumanne anakuja yule mfugaji," wifi alisema, bado amesimama. "Yule mwenye dume. Anamchukua."

"Unamtoa Shali?"

Wifi alisogea karibu. Aliinua mikono yake. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio kama vipande vya tangawizi, na viwili havikunyooka kabisa.

"Mfugaji anataka kumwona na koti lake," alisema. "Wenzake hawamkubali paka kwa maneno. Akiwa amefungana hivi, atasema si wenyewe, na hatamchukua. Asipochukuliwa na yule, nani tena? Nitakaa naye, aoze ngozi nikimtazama?" Akalisukuma kapu kwa mguu. "Wewe ndiye mwenye vidole."

Kitana alipitisha mkono shingoni mwa paka. Ndani ya ukosi, nyuma ya sikio, vidole vikagota.

"Nywele zimefungana, wifi."

"Manyoya. Nywele ni zako wewe."

"Haya, manyoya. Yamefungana."

"Ndiyo nimekuletea. Ila umlainishe kwanza. Sikiliza, wifi. Usimwendee kwa nguvu. Umlainishe taratibu, ukishamlainisha vizuri atakuachia mwenyewe."

"Usinifundishe kazi yangu."

"Kama kuna ambaye angekufundisha, ningempelekea yeye," alisema wifi, akatoka.

Kwa wifi hiyo ilikuwa karibu na sifa. Kitana alibaki ameketi na paka mapajani, akiligeuza lile neno kichwani. Miaka yote hiyo, na leo kwa mara ya kwanza mwanamke yule alikuwa ameweka kitu mikononi mwake. Tena si kitu chochote. Alichoka kiasi cha kutotaka kukiri, lakini aliona furaha ndogo, ya aibu, ikimpanda kifuani. Jumanne wifi ataingia, atamwona Shali anapeperuka kama moshi, na kwa mara moja tu katika maisha yake atakosa la kusema.

Jumatatu saluni hufungwa. Jumatatu ni ya miguu. Kwa kawaida Kitana hulala mpaka jua lifike kwenye godoro, kisha huamka, hunywa chai, hurudi kulala. Jumatatu hiyo alikuwa saluni asubuhi na mapema, amefunga aproni, paka yuko juu ya meza, na chanuo la meno mapana liko mkononi.

Alijaribu kidogo kwenye mgongo. Juu palipita vizuri. Akashuka kwapani, chanuo likakwama. Akashuka tumboni, likakwama. Shali akageuka na kumtazama, akatoa ile sauti yake ya bawaba.

Sasa, msusi yeyote atakuambia kwamba nywele kavu zilizofungana hazichanwi. Ukizichana hivyo zinakatika, na mteja anaondoka analia na kwenda kukusimulia kwa watu. Unazinyunyizia maji ya uvuguvugu. Unapaka mafuta. Unaziacha zinywe, kisha unaanzia nchani, unapanda kidogo kidogo kuelekea shinani. Hiyo ndiyo kulainisha. Ndani ya saluni neno hilo halina maana nyingine. Mteja akija na kichwa kigumu, Kitana humwambia, "Keti nikulainishe," na mteja huenda mwenyewe kwenye sinki. Na wifi si alilitamka kwa kinywa chake, mara tatu?

Bomba likakohoa, likatoa maji. Kitana akayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto, akamweka Shali ndani ya sinki, akamlowanisha taratibu, mpaka paka mkubwa akayeyuka akabaki macho na vishungi. Hakumparura. Alijikunyata tu, kama mtu anayevumilia sherehe za watu wengine. Kitana akampaka mafuta ya nywele, yale mazuri, ya wateja wa harusi, akayasugua mpaka ndani. Akamfunga taulo, akamweka karibu na dirisha, penye jua.

"Acha yanywe," alimwambia.

Akaketi. Paka, taulo na vyote, akajikokota akampanda mapajani. Mwili ule wenye joto ulimwelemea kwa namna nzuri. Kitana akasema moyoni, nifumbe macho kidogo tu.

Alipoyafumbua, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Taulo lilikuwa sakafuni. Shali alikuwa mkavu, na alikuwa mdogo. Kitana aliweka kiganja mgongoni pake, na kilichokutana na kiganja hakikuwa manyoya. Kilikuwa kitambaa. Tabaka la chini lilikuwa limekunywa maji, likajikaza, likalikamata la juu, na jua likamalizia kazi. Kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto na mtu asiyejua. Kutoka mabegani hadi mkiani, kutoka kifuani hadi tumboni, paka alikuwa amevaa zulia la kupangusia miguu. Kitana alisimamisha chanuo mgongoni pake. Likasimama lenyewe.

Akajaribu mafundo mawili, matatu, kwa vidole. Kila alipovuta, ngozi ilikuja pamoja na fundo, na Shali akalia. Akaacha. Akaketi sakafuni, mgongo umeegemea sinki, akakaa hivyo kwa muda bila kufikiri chochote. Uchovu una fadhila hiyo moja.

Kisha akamfunga paka taulo, akaenda mlango wa pili, kwa kinyozi.

Kinyozi alikuwa mwanaume mnene, mchangamfu, jirani wa siku nyingi, na Jumatatu yeye hakufunga. Alikuwa na mteja mmoja kwenye benchi, anasubiri zamu.

"Mama Kitana! Leo umeniletea mteja. Anataka mtindo gani?"

"Acha mzaha, baba. Mshike kwanza."

Kinyozi alimshika. Mzaha ukamwisha usoni. "Huyu amevaa nini? Koti?"

"Ndiyo manyoya yake. Nilimwosha."

"Kumwosha nini wewe, umemshona!"

"Nimekuja unisaidie, au nimekuja unicheke?"

"Vyote viwili vinawezekana," alisema kinyozi, lakini tayari alikuwa akilipuliza vumbi la nywele kwenye mashine yake, akibadilisha meno, akiijaribu kwenye ngozi ya mkono wake kuona kama imepata joto. "Hapa hakuna cha kuchana. Hili linatoka lote."

"Likitoka lote, wifi yangu atanizika."

"Lisipotoka, ngozi inachanika. Paka mimi siwajui. Ngozi naijua."

Mteja wa benchini akainua kichwa. "Kwa hiyo mimi nangojea nyuma ya paka?"

"Huyu ana miadi," alisema kinyozi. "Wewe umekuja tu."

Kitana akamshika Shali kichwa, akawa anamsemesha sikioni maneno yasiyo na maana, mpole, mrembo, tulia mama, kumbe u mzima, tulia. Na paka akatulia. Akalegea kabisa kama kitambaa kilichoanikwa, akaiacha mashine ipite. Kinyozi alianzia juu ya mgongo, polepole, akivuta ngozi kwa vidole viwili, na lile koti likaanza kuinuka kwa kipande kimoja, kama ganda la chungwa linalomenywa na mtu mwenye subira. Lilipoanguka sakafuni lilibaki na umbo. Kulikuwa na paka pale chini bila paka ndani.

Kitana alilichukua, akaligeuza. Hapo ndipo alipoona. Upande wa ndani, ule uliokuwa umelala kwenye ngozi, mafundo hayakuwa ya leo. Yalikuwa ya zamani, yamebanwa, yamekuwa bapa, tabaka juu ya tabaka, kazi ya miezi mingi. Maji yalimalizia tu. Juu palikuwa pamechanwa vizuri kila siku, chini hapajaguswa. Hili alilijua. Wateja huja hivyo: juu panapendeza, ukiweka kidole unakuta ukuta. Mtu huchana juu kwa juu pale mkono wake usipoweza tena kwenda chini, na hataki kuonekana.

"Hatudaiani," alisema kinyozi, akipangusa mashine. "Ila nipe habari wifi akija. Nitafunga mapema nisisikie."

Shali alishushwa chini. Kichwa kilikuwa kimesalia na vishungi vyake, na mkia ulikuwa mzima. Katikati palikuwa na mwili mwembamba wa rangi ya majivu, ukubwa wa robo ya paka wa jana. Kichwa cha waziri juu ya mwili wa mwanafunzi wa bweni. Alipiga hatua mbili, akajitazama ubavuni, akajilamba mahali palipokosa kitu, akaamua kuwa hakuna lililotokea.

Usiku ule Shali alitetemeka kwa baridi. Asubuhi Kitana akakata mkono wa sweta lake la kijani, akautoboa matundu manne, akamvisha.

Wifi aliingia na mfugaji, mwanaume mrefu wa sauti ya chini, amevaa aproni yenye mifuko mingi na kubeba kreti safi lililotandikwa blanketi. Wifi alikuwa amevaa nguo yake ya ofisini ya zamani, na kitambaa kichwani cha kufanana nayo.

"Yuko wapi bibi harusi wangu?" alisema.

Shali akatoka nyuma ya sinki, ndani ya mkono wa sweta.

Ilikuwa hivyo: Kitana alikuwa ameota siku wifi atakapokosa la kusema, na siku ikafika.

Haikudumu. "Umemfanya nini?"

"Nililainisha, kama ulivyosema."

"Nilikuambia umlainishe! Umbembeleze! Umpapase, umsemeshe, mpaka alegee akuachie umchane! Nani alikuambia umpike?"

"Wifi, mimi ni msusi. Kwangu kulainisha ni maji na mafuta."

"Maji!" Wifi alimgeukia mfugaji kana kwamba yeye ni hakimu. "Maji, unasikia? Paka wa mashungi, katiwa maji!"

Mfugaji alifunika mdomo kwa kiganja. Alikohoa, lakini hakikuwa kikohozi. "Samahani, mama," alisema. "Samahani sana."

"Nilijua," alisema wifi. "Nilijua tangu siku ile. Mdogo wangu katumwa kutafuta…"

"Malizia," alisema Kitana. Hakupandisha sauti. Hakuwa nayo ya kupandisha. "Ulishalisema mbele ya ukumbi mzima, liseme na mbele ya paka. Kosa ni langu, nilikitia maji kisichotaka maji, kisha nikalala. Lakini mafundo ya chini, wifi, si yangu. Yale ni ya siku nyingi. Nimeyashika kwa mkono huu."

Wifi akarudi nyuma hatua moja. Akatafuta mahali pa kuketi bila kutazama, akaketi kwenye kitu cha kwanza kilichogusa mguu wake. Kilikuwa kiti cha wateja, kile kinachozunguka. Hakuonekana kujua.

Mfugaji alikuwa ameshapiga goti. Alimvua Shali sweta, akapitisha kidole kwenye taya, akapima mkia kwa kiganja, akafunua vidole vya miguu kutazama manyoya yaliyo katikati, akavuta vishungi vya masikio polepole mpaka ncha. "Ni wenyewe hasa," alisema. "Mimi sina shaka. Lakini siwezi kwenda naye hivi. Wenzangu wakimwona watadhani nimeokota jalalani, na dume wangu sijui atasemaje." Akatabasamu kidogo, kwa heshima. "Tena njia ni ndefu na ya baridi. Acheni koti lirudi, nitakuja mwenyewe. Litachukua muda, mama. Huenda mwaka. Na likianza tu kuota lazima achanwe kila siku, mpaka chini. Makavu."

"Makavu," alirudia Kitana.

"Bila hivyo atajifunga upya kabla sijarudi." Mfugaji alitazama mikono ya wifi iliyolala mapajani, akaondoa macho haraka. "Kuna mtu wa kumchana?"

Bomba la sinki lilidondosha tone. Kitana alitazama miguu yake ndani ya raba. Akaifikiria Jumatatu, na jua likifika kwenye godoro.

"Nipo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeitika jina lake likisomwa.

Mfugaji alipoondoka na kreti lake tupu, wifi hakuinuka. Kitana akaenda mlangoni kugeuza kibao. Ilikuwa asubuhi bado, na mteja alikuwa njiani, lakini akageuza. Kisha akarudi, na kwa mazoea tu, bila kukusudia, akasimama pale anaposimama siku zote, nyuma ya kiti. Kwenye kioo walikuwa wanawake wawili na stika ya ua.

Kutoka pale alikiona kitambaa vizuri. Hakikufungwa kwa fundo. Kilibanwa kwa pini, tatu upande mmoja, moja upande wa pili, kama kazi ya mtu anayetumia viganja badala ya vidole.

"Wifi," alisema. "Vua kitambaa."

"Sina shida na kichwa changu."

"Juu umechana?"

Wifi alikishika kitambaa kwa viganja, mwanamke ambaye hakujua kunong'ona. Kisha akanong'ona. "Juu siku hizi nako kunanishinda."

"Na yule msusi wako wa ng'ambo ya mji?"

"Alifunga zamani. Alihamia kwa mwanawe."

"Na mimi nipo hapa, mlango wazi."

"Ningekuja na uso gani?" alisema wifi. "Baada ya yote niliyosema. Nikikutana nawe njiani naona aibu, napunga mkono, napita."

Kitana alizitoa pini moja moja, akaziweka kwenye kisahani. Kitambaa kikaanguka. Nywele za wifi, zilizowahi kupita mbele ya dirisha hili zikiwa mpya zinang'aa, zilikuwa kipande kimoja bapa cha mvi, kimelala kichwani kama kofia iliyokaliwa. Kitana aliingiza kidole nyuma ya sikio. Kikagota.

"Mwite tu yule kinyozi wako," alisema wifi, macho ameyafumba asijione. "Aninyoe nifanane na paka."

"Zako ni nywele, wifi. Si manyoya. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Nywele zinapenda maji."

Wifi akafumbua jicho moja. "Basi nilainishe."

"Kwa maji au kwa maneno?"

"Kwa maji. Maneno yako nayajua."

Bomba likakohoa. Kitana akayapima maji kwa kiwiko. Shali, ndani ya sweta lake la kijani, alikuwa ameona mtu ameketi. Akaja akampanda wifi mapajani, akajizungusha, akajilaza. Wifi akaweka mikono yake mibovu juu yake, na haikuhitaji kufanya lolote.

Ilikuwa kazi ya siku nzima. Kitana alianzia nchani. Mteja wa asubuhi aligonga, akasoma kibao, akagonga tena, akaenda zake. Mafuta yalikwisha, akafungua kopo jingine. Mahali fulani nyuma ya sikio wifi alisinzia, na Kitana akawaza habari ya kesho: paka jioni, makavu, wifi kila Jumatatu, kwa maji, na ole wake siku atakayowachanganya tena. Akachukua chanuo moja, akalizungushia uzi mwekundu kwenye mpini, akaliweka kando. Hilo la Shali. Miguu ilikuwa imeshavimba tangu zamani, na jua bado halijafika kwenye ukuta wa pili.

"Hapo nyuma mbona unavuta?" alisema wifi, bila kufumbua macho.

"Tulia, wifi," alisema Kitana. "Bado sijafika hata robo."